Mwigizaji Aliyeninyamazisha

Kazi yangu mimi ni kuongea. Nasema mapema kabisa ili msomaji asije kunilaumu huko mbele kwamba sikumwonya. Nina chumba kimoja cha kazi nyumbani kwangu Nyakato, Musoma, nimeegemeza magodoro ukutani kuzuia kelele za bodaboda, nina kompyuta, maiki moja, na feni ambayo lazima niizime nikianza kurekodi, kwa hiyo kazi zangu nyingi nimezifanya kifua wazi, jasho linanitiririka mpaka kwenye kiti. Filamu za nje zinakuja kwangu, natafsiri, naweka sauti yangu juu ya sauti zao, halafu zinakwenda kwenye mabanda ya video ya Bunda, Kibara, Bukima na visiwani huko. Mwanamke akilia kwenye filamu, anayelia ni mimi. Jambazi akitishia watu, ni mimi. Hata mbwa akibweka, namsemea.

Na mtu akinyamaza je? Aa, hapo sasa ndipo nilipokuwaga fundi. Kwenye kazi yetu sisi madijei wa filamu ukimya ni ugonjwa. Watazamaji wa banda wakikaa nusu dakika bila kusikia Kiswahili, lazima atoke mmoja huko nyuma apige kelele, "Dijei amelala! Mwamsheni dijei!" Kwa hiyo tunajaza. Mzungu kasimama dirishani anaangalia theluji, hasemi kitu, anawaza ya kwake, mimi namwekea: "Hapa ningekuwa na sato mkavu na ugali wa udaga, hii baridi ningeiona upepo wa feni tu." Banda zima linaanguka kwa kicheko. Watu wananiambiaga filamu zangu ni nzuri kuliko zilivyotengenezwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naamini.

Baba yangu ni mtu wa Butiama, na yeye kazi yake ilikuwa kutembea. Alikuwa anaswaga ng'ombe wa watu kuwapeleka mnadani, kwa miguu, siku mbili, siku tatu, mvua na jua. Ng'ombe hawakuwa wake. Wake walikuwa wachache na walibaki nyumbani na mama. Yeye alikuwa anaitwa kwa sababu ng'ombe wakiswagwa na yeye walikuwa wanafika hawajakonda. Siri yake ilikuwa mwendo. Hakukimbiza, hakupiga kelele, alitembea tu mwendo mmoja kutoka asubuhi mpaka jioni, fimbo imelala mabegani, mikono ameitundika juu yake. Ukikaa pale kwetu kilimani ulikuwa unaweza kumjua akiwa bado mbali kabisa, kabla hujaona uso wala rangi ya shati. Mama mpaka leo anasema alimpenda kwa miguu, uso aliuona baadaye na ulikuwa hasara.

Mwaka juzi, wakati wa palizi, akapigwa kiharusi. Mkono wa kulia, mguu wa kulia, na mdomo ukavutika kidogo upande mmoja hata maneno yakawa yanamtoka polepole, moja moja. Tulimleta hospitali Musoma, akalazwa, akatoka, akakaa kwangu Nyakato siku chache akagoma. Alisema hawezi kupona katikati ya magodoro. Tukamrudisha Butiama. Kabla hatujaondoka, dada mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitali alituita pembeni mimi na mama. Alikuwa mdogo wa umri lakini hana mchezo. Akasema, "Mguu wa mzee haujafa, ila umelala. Atembee kila siku, tena nje, kwenye ardhi yenye mabonde na vijiwe. Akikaa ndani miezi michache tu, unakauka hivyo ulivyo, na hapo msije kuniuliza mimi." Mama akamwomba arudie. Akarudia vile vile, hakupunguza neno.

Basi ndani ya nyumba baba alitembea. Kitandani mpaka mezani, mezani mpaka mlangoni, kiganja cha kushoto kinapapasa ukuta mpaka ukuta ukapata mstari mweusi. Mguu wa kulia aliuburuta. Ulikuwa unazunguka nje kidogo kisha unarudi ndani, kidole gumba kinakwaruza saruji. Lakini akifika mlangoni, basi. Nje kuna barabara, na barabara ya kwetu haikosi mtu: wanafunzi, wanawake wa gulio, vijana na ng'ombe. Na wote hao wanaujua mwendo wake wa zamani. Mama alimbembeleza, akamgombeza, akamnunia. Mimi nilihubiri, maana ndiyo kazi yangu. Jibu lilikuwa moja, linatoka polepole kwenye ule mdomo uliopinda: "Mimi siyo maonyesho."

Mambo yalikuwa hapo siku aliponipigia simu mama mmoja wa Bunda. Huyu mama ana banda la video karibu na stendi, na ana sauti isiyohitaji simu. Ananiita mwanangu, ila akikasirika ananiita kijana. Akasema, "Mwanangu, nimeletewa filamu ya michezo. Nimeambiwa ni tamu. Nifanyie upesi, Jumamosi naiweka." Nikamwambia anitumie. Nilidhani ni mpira, au ngumi. Ngumi ni kazi rahisi sana kwetu, unapiga kelele tu.

Nikaifungua. Jamani! Nusura nilie. Ilikuwa ni filamu ya mtu anayetembea.

Nieleze vizuri, maana na mimi nilikuwa sijui. Kumbe kuna mashindano ya kutembea. Watu wanashindana kwa kasi, lakini ni marufuku kukimbia. Mguu mmoja lazima uwe chini muda wote, goti linyooke, na kando ya njia wamekaa waamuzi wanakutazama miguu. Ukikosea wanakuandikia kadi nyekundu, na kadi zikifika tatu unatolewa. Kwa hiyo washindani wanatembea kwa mwendo wa ajabu, kiuno kinakatika kulia na kushoto, viwiko vinapiga hewa, na uso wa mtu umekaza kabisa kwa sababu yuko kwenye mashindano ya kweli. Na yule mhusika mkuu wa filamu siyo kijana. Ni mwanaume wa makamo, kipara kimeanza, anaosha mabasi kwenye karakana ya mji mdogo wenye baridi. Anaishi na dada yake. Hana kocha, dada yake ndiye anampima muda na saa ya jikoni. Anaamua tu siku moja kwamba ataingia kwenye mashindano hayo. Kwa nini? Hasemi. Filamu nzima hasemi! Saa moja na nusu, na maneno aliyoongea yule bwana hayafiki ya mtu anayenunua nyanya.

Nikasema haya, ndiyo riziki yangu hiyo. Nikazima feni, nikavua shati, nikaanza kumjaza. Pale anaposhika ndoo anaangalia maji, nikamfanya anamlaani bosi wake. Dada yake akimwangalia tu, nikamfanya anauliza lini ataoa. Na alipoanza kutembea, nilijiachia kabisa. Bata amebanwa na haja. Kavaa chupi ya mdogo wake. Mguu huo wa kulia unachora ramani ya Mkoa wa Mara, ona, sasa anazunguka ziwa, sasa anaingia Serengeti, twiga wanakimbia! Nilicheka mwenyewe chumbani mpaka nikarudia kurekodi mara mbili.

Jumamosi Bunda ilikuwa balaa. Yule mama wa banda alinipigia simu filamu ikiendelea ili nisikie. Watu walikuwa wanapiga benchi, wanampigia kelele yule mtu kwenye kioo, "Kimbia basi, we mzee! Si ukimbie tu!" Walikuwa hawaelewi kabisa kwa nini mtu aliye kwenye mashindano asikimbie, na mimi sikuwaeleza, kwa sababu kuchanganyikiwa kwao ndiko kulikuwa kunachekesha. Mama wa Bunda akasema, "Mwanangu umeua!" Wiki ile ile Kibara wakataka nakala, na Bukima wakataka. Nilijisikia mkubwa sana.

Jumapili moja baadaye nikapanda kwenda Butiama kumwona baba. Nilibeba na ile filamu. Sitajitetea hapa. Nilitaka aone kazi ya mwanawe inavyopendwa, kwa sababu siku zote alikuwa anawaambia watu kwamba mwanawe anafanya kazi ya redio, kidogo ni uongo, kidogo ni aibu. Siku hiyo jumuiya ya kanisa ilikuja kusali nyumbani kwa mgonjwa, kama watu kumi na wawili hivi, majirani wote. Wakasali rozari, wakanywa chai na michembe ya viazi, na mama mmoja mzee akasema, "Tunasikia mtoto wa hapa anatafsiri sinema. Hebu tuone." Nikachomeka flashi kabla hajamaliza kusema.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kitenge cha mama kimefunika miguu. Filamu ikaanza. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo kwa heshima ya rozari, halafu heshima ikaisha, wakacheka kabisa. Yule mama mzee alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, natazama nyuso zao siyo kioo, nasubiri kila utani ufike kwao. Na utani wa mguu ukafika. Sauti yangu kwenye televisheni ikasema, "Tazama mguu huo! Unachora ramani ya Mkoa wa Mara!"

Wakapasuka. Halafu kicheko kikaanza kukatika. Kwanza mmoja, halafu mwingine, wote wanajitahidi wasiangalie upande wa dirisha. Haki ya Mungu, hata hapo mimi nilikuwa sijaelewa. Nilidhani sauti iko chini. Nilielewa pale mama aliponiangalia, na sijawahi kuangaliwa vile na mama yangu tangu nizaliwe.

Baba akaondoa kitenge miguuni. Akashika mkono wa kiti, akanyanyuka. Mtu mmoja akataka kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa. Kutoka kwenye kiti mpaka mlango wa chumbani siyo mbali, kwa mtu mwenye afya ni hatua sita tu. Yeye alikwenda, mguu unazunguka nje, unarudi, kidole kinakwaruza saruji, na huku sauti yangu inaendelea kwenye televisheni: sasa anazunguka ziwa, sasa anaingia Serengeti, twiga wanakimbia. Nilikuwa natafuta rimoti. Sikuiona. Ningeweza kuchomoa waya, lakini akili haikunipa. Nikasimama pale kama gogo nikijisikiliza mpaka mlango wa chumbani ukafungwa.

Tangu siku hiyo baba aliacha kutembea, hata ndani. Chakula alitaka aletewe kitandani, na haja akataka ndoo. Wiki ikapita, ikapita ya pili, ikaingia ya tatu. Mama alikuwa ananipigia simu mara moja kwa wiki, haniulizi hali. Mara ya mwisho alisema neno moja tu kabla hajakata: "Umemkalisha." Nilikaa na simu mkononi Nyakato pale, chumba cha magodoro kimya, nikahesabu miezi aliyosema yule dada wa hospitali, na iliyobaki ilikuwa imekwisha kuwa michache sana.

Nilimchukia yule mwigizaji. Ndiyo, nilimchukia yeye, maana kujichukia mwenyewe kunachosha. Siku moja mchana nikaifungua tena ile filamu, bila sauti yangu, kama ilivyokuja. Nia yangu ilikuwa nione ubaya wake, nione kwamba hata bila mimi ilikuwa ni filamu ya kumcheka mtu. Feni niliiacha iwake kwa sababu sikuwa narekodi.

Sasa naomba niseme kitu cha aibu kwa mtu wa kazi yangu: ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kuitazama. Ile mara nyingine nilikuwa natafuta mahali pa kuingilia tu. Ukitafuta mahali pa kuingilia, huoni mtu, unaona nafasi.

Kuna tukio moja mapema. Yule mwosha mabasi amefanya mazoezi yake siku zote nyuma ya karakana ambapo hakuna watu. Siku hiyo karakana imefungwa, inabidi afanyie mtaani kwake, asubuhi kweupe. Anatoka mlangoni na kaptula. Anasimama. Mtaa una majirani, kuna mwanamke anaanika nguo, kuna mwanaume anafungua duka. Wote wamemjua miaka yote. Na anaanza kutembea ule mwendo. Mimi hapo niliweka bata aliyebanwa na haja. Lakini yule mwigizaji, ukimwacha, anafanya hivi: mkono wake wa kushoto unatafuta mfuko. Kaptula haina mfuko. Mkono unapapasa paja mara moja, unakosa, unarudi kupiga hewa kama sheria ya mchezo inavyotaka. Halafu masikio yake yanakuwa mekundu. Sijui mtu anaigizaje kwa masikio. Nimerudisha hapo mara nyingi mno na bado sijui. Uso haubadiliki, haombi msamaha kwa majirani, hachekicheki ili nao wacheke, haharakishi ili tukio liishe. Anaona haya mpaka masikioni na anaendelea kwenda.

Na kule mwishoni, kwenye mashindano yenyewe, kadi ya pili nyekundu inaandikwa. Yamebaki mazunguko machache. Mbele yake kuna wawili wanaiba, waamuzi wakigeuka wanakimbia hatua mbili tatu, kila mtu anaona. Yule bwana anapunguza, anauangalia mguu wake. Kwa muda mfupi tu. Hapo mimi niliweka hotuba nzima kuhusu wanaume wa Mara na nyama ya nyati. Kumbe anachokifanya ni kuuangalia mguu kwa upole, vile unavyomwangalia mtoto aliyechoka njiani ambaye huwezi kumbeba. Halafu anaendelea, mwendo halali, polepole kuliko mwanzo. Anamaliza watu wameshaanza kukunja meza. Dada yake anampa maji. Yeye anamuuliza dada basi la kurudi ni saa ngapi. Filamu inaishia hapo.

Nililia. Siyo machozi ya heshima yale ya tone moja moja. Nililia kwa sauti mpaka mke wangu akagonga mlango kuuliza ni filamu gani hiyo. Nikamwambia ni ya michezo.

Nikaifanya upya. Nikatafsiri kile kilichosemwa tu, basi. Filamu nzima maneno yangu yalikaa kwenye ukurasa mmoja wa daftari na nafasi ikabaki. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye maiki wenyewe, ulimi unawasha. Kwenye lile tukio la mtaani nililazimika kukalia mikono yangu, mtu mzima na ndevu zangu. Nilimtumia mama wa Bunda nakala, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniletea. Akapiga simu: "Kijana, unaumwa?" Nikasema siumwi, mama. "Basi mbona watu wanasema dijei amefariki? Nimerudisha ile ya kwanza." Nikamwomba asiionyeshe tena. Akaguna, akaniuliza kuna nini, nikamweleza yote, hadi ndoo. Akashusha sauti, na huyu mama hajawahi kunishushia sauti. Akasema, "Peleka kwa mzee. Hii ya kwangu naitoa."

Nilifika Butiama siku ya kazi, mchana, nyumba haina wageni. Baba alikuwa amelala ameangalia ukuta. Nikasimama mlangoni mwa chumba. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima na yote yakanitoka kichwani.

"Baba, nilikosea," nikasema. "Nilikucheka mbele ya watu."

"Ulikuwa kazini," akasema kwa ukuta.

Heri angenipiga na fimbo. Nikamwambia nimeleta ile filamu, nimetoa maneno yangu, yamebaki ya mwenyewe. Akasema haitaki. Hapo mama akaingia, amebeba televisheni kifuani, akaiweka juu ya sanduku la nguo miguuni mwa kitanda, akachomeka. Akasema, "Mimi nataka kuiona. Wewe kama hutaki, endelea na ukuta wako." Akaketi kitandani. Nikawasha.

Kwanza baba alisikiliza tu, mgongo ametupa sisi. Lakini filamu yenyewe haina cha kusikiliza! Ukimya ukamchosha, akageuza shingo, akageuza bega, mama akamwekea mto bila kumwangalia. Tukafika mtaani. Mtu akatoka na kaptula yake, akasimama, akaanza kwenda. Nikang'ata ulimi, kweli kabisa, siyo maneno ya kuandika.

"Rudisha hapo," baba akasema.

Nikarudisha. Akatazama. "Rudisha." Mara ya tatu alijiinua kwa kiwiko cha kushoto.

"Huyu anaona haya," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Anaona haya sana."

"Sana."

"Lakini anakwenda."

"Anakwenda," mama akajibu.

Tukaimaliza yote. Mwishoni baba akaniuliza, "Kwa hiyo hakushinda?" Nikasema hakushinda. "Wa ngapi?" Nikamwambia wa pili kutoka mwisho. "Na wa mwisho?" Nikasema wa mwisho aliumwa tumbo akaachia njiani. Baba akafikiri. "Basi huyu ndiye wa mwisho," akasema, na akacheka, kicheko cha upande mmoja, mate yakamtoka, mama akamfuta kwa kiganja. Akaongeza kwamba yule mzungu viatu vinambana, yeye kaona tangu mwanzo, na kwa viatu vile hata ng'ombe mmoja asingemfikisha mnadani. Halafu akamwambia mama atoe ile ndoo, inanuka.

Nilimpigia mke wangu kwamba sirudi bado. Siku zilizofuata baba alitembea tena ndani, kitandani, mezani, mlangoni. Alikuwa amepoteza mengi kwenye zile wiki tatu, mguu ulikuwa mzito kuliko mwanzo, na mara mbili alianguka. Nje hakutoka, na mimi nilijikataza kuhubiri. Asubuhi moja akaamka mapema akataka shati safi. Ilikuwa siku ya gulio. Mama akamwambia, "Leo? Leo barabara imejaa watu, mzee. Si usubiri kesho kutulie." Baba akasema, "Ndiyo maana. Kama ni kuniona, wanione wote leo, tumalize."

Akatoka. Fimbo mkono wa kushoto, mimi upande wa kulia, sikumshika kwa sababu alikataa. Kuvuka uwanja wetu tu kulituchukua muda mrefu. Kwenye ardhi ule mguu ulikuwa unaacha alama ya nusu duara kila hatua, kama mtu anafagia. Tukaingia barabarani. Wanawake walikuwa wanapita na beseni vichwani, vijana wanapita na mbuzi, na watu wakawa wanapunguza mwendo. Wengine walisimama kabisa. Nilimwangalia baba masikio. Sitaandika niliona nini, hilo ni lake.

Kwanza alitukuta jirani mmoja, akauliza mzee anaendeleaje. Nikamjibu haraka: anaendelea vizuri, daktari amesema ni mazoezi tu, mwezi ujao atakuwa anaswaga ng'ombe. Jirani akacheka, akapita. Akaja mwingine, nikamjibu na huyo, nikaweka na utani. Miezi yote ile nilikuwa namjibia, kwa sababu maneno yake yanachelewa na mimi yangu yako tayari. Sikuwahi kujiuliza kama anapenda.

Halafu akaja yule mama mzee wa jumuiya, aliyekuwa anafuta machozi kwa kanga siku ile. Alipotuona alisimama katikati ya barabara na beseni lake la dagaa, na niliona kwamba naye siku ile imemkaa rohoni. Akamwamkia baba. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Mguu unaendeleaje?"

Nikafungua mdomo.

"Nyamaza," baba akasema. "Nimeulizwa mimi."

Nikanyamaza. Baba akasimama vizuri, akaegemea fimbo, akaanza kulitafuta neno la kwanza. Mdomo ulivutika, ukarudi, ukavutika tena. Lilichelewa sana lile neno. Nyuma yetu kijana na mbuzi zake akasimama kusubiri, hakuna aliyemalizia kwa niaba yake, na yule mama akashusha beseni lake chini kabisa, kuonyesha kwamba hana haraka.